Mpira wa maji ya moto kwa maumivu ya hedhi: tathmini baada ya miezi mitano

Binti yangu yuko kidato cha pili, na tangu mwaka jana siku ya kwanza ya hedhi humlaza kitandani amejikunja, mto kifuani. Bibi yake huyaita maumivu hayo chango. Daktari aliyemwona alitueleza kwamba ni mikazo ya mfuko wa uzazi inayochochewa na kemikali ziitwazo prostaglandini, na kwamba joto ni tiba inayokubalika. Kwa kuwa binti mwenyewe hapendi vidonge, nilinunua Kariakoo mpira wa maji ya moto, yaani mfuko bapa wa mpira wenye kizibo, wa lita 2 kwa shilingi 15,000.

Awali tulitumia chupa ya plastiki ya maji ya kunywa iliyoviringishwa khanga, mbinu ambayo nyumba nyingi zinaijua pamoja na mwisho wake: maji yakiwa ya moto kweli chupa hunywea na kupinda, na yakiwa ya vuguvugu haifai kitu, tena kwa uduara wake huteleza tumboni kila mgonjwa anapogeuka. Mpira huu ukijazwa theluthi mbili, ukakamuliwa hewa kabla ya kufungwa kizibo, hulala bapa chini ya kitovu na kubaki na joto kwa muda wa kutosha binti kupata usingizi. Kwake yeye nafuu huanza baada ya kama dakika 20. Maumivu hayaishi, ila huweza kukaa na kufungua daftari.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Aliuweka juu ya ngozi bila kitambaa, akitaka moto zaidi kila mara, hadi tumbo likatoka alama za kahawia mithili ya wavu. Joto kali kiasi hicho halihitajiki: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, kiraka cha kubandika tumboni chenye joto la takriban nyuzi 39 za Selsiasi kilipunguza maumivu ya hedhi sawa na ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu. Sasa hatutii maji yanayochemka, na mpira hauguswi bila kitambaa.

Kosa la pili ni la dukani. Shingoni mwa mipira mingi kuna ua dogo lililochapwa, lenye petali 12 za miezi na mwaka wa kutengenezwa katikati, na inashauriwa mpira ubadilishwe baada ya miaka miwili hivi kwa sababu huchakaa na kupasuka. Wa kwetu ulikuwa umekaa miaka mitatu kabla hata haujauzwa. Nilipourudisha, muuzaji alinijibu, "Mama, mpira hauozi," kisha akanibadilishia bila ubishi zaidi. Someni ua hilo kabla ya kulipa.

Kwa mwanafunzi wa bweni sina hakika kama ningeupendekeza, maana kupata maji ya moto usiku ni kazi. Huko mazoezi ya mara kwa mara, hata netiboli, yatamsaidia zaidi, ingawa matokeo yake huhitaji miezi. Na msichana ambaye maumivu yake huja hata nje ya hedhi, au huzidi mwezi hadi mwezi, apelekwe hospitali, kwani huenda ni endometriosisi, ugonjwa ambao tishu kama za utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake.

Mpira uliuzwa bila mfuko wake wa kuuvika. Nimeushonea mmoja kwa taulo kuukuu.