Treni ya Borealis kutoka Chicago hadi St. Paul: kuhama nyumba na watoto wawili pamoja na bibi yao

Katika majira ya mapukutiko ya mwaka 2024 familia yetu ilipanda treni ya Borealis ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, mara tatu: mara ya kwanza tukihama kutoka Chicago kwenda St. Paul katika jimbo la Minnesota, na mara mbili nyingine tukienda na kurudi kwa ajili ya Sikukuu ya Shukrani ya Marekani (Thanksgiving). Ninawaandikia hasa wazazi wenye watoto wadogo, na zaidi wale wanaosafiri na mzazi mwenye umri mkubwa, kwa kuwa nilipokuwa nikitafuta maelezo ya namna hii kwa Kiswahili sikuyapata. Ninaipendekeza treni hii bila kusita, lakini ninaomba msomaji azingatie saa ya kuondoka na mwezi wa safari, maana mambo hayo mawili yana uzito kuliko nauli.

Borealis ilianza kazi tarehe 21 Mei 2024. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, miji hii miwili iliunganishwa na treni moja tu ya abiria kwa siku, Empire Builder, ambayo huendelea hadi Seattle na Portland, huondoka Chicago alasiri na kufika St. Paul usiku watoto wakiwa wamekwisha kuchoka na kulia. Borealis, kwa ratiba tuliyoikuta, iliondoka saa 5:05 asubuhi na kufika saa 12:29 jioni, safari ya takriban kilomita 660. Kwa mtu asiye na watoto huenda tofauti hiyo ikaonekana ndogo. Kwa mama mwenye mtoto wa miezi saba anayelala adhuhuri na mwingine wa miaka minne asiyelala kabisa, ni tofauti kati ya kufika ukiwa na nguvu za kufungua mizigo na kufika ukiwa huna hata nguvu za kuitikia salamu.

Mume wangu alikuwa amepata kazi St. Paul, na mkataba wa nyumba yetu ya kupanga huko Rogers Park, kaskazini mwa Chicago, ulikuwa unamalizika mwezi wa Oktoba. Mamangu alikuwa amefika kutoka Mombasa mwezi wa Agosti ili anisaidie kulea mtoto mchanga, na akajikuta anasaidia kufunga vyombo kwa magazeti. Tulipanga kwamba Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba lori la kampuni ya kuhamisha mizigo lipakie samani, mume wangu atangulie kwa gari letu dogo lililojaa makasha hadi kwenye kiti cha nyuma, na sisi wanne tufuate Jumapili kwa treni. Jumapili hiyo ilikuwa Siku ya Mashujaa nyumbani Kenya, na mamangu alianza asubuhi kwa kuwapigia simu ndugu zake na kuwaeleza kwamba wao wamepumzika ilhali yeye anahama nyumba asiyoijua kwenda nyingine asiyoijua.

Nauli haikutuumiza. Wakati huo nauli ya chini kabisa ilianzia dola 41 kwa mtu mzima; mtoto wa miaka 2 hadi 12 hulipiwa nusu, na aliye chini ya miaka 2 husafiri bure akipakatwa. Kwa hesabu hiyo sisi wanne tulisafiri kwa kiasi cha dola 100 na kitu. Tikiti za Amtrak hupanda bei kadiri viti vinavyojaa, kwa hiyo anayesafiri katika wiki za sikukuu anunue mapema; tikiti zetu za Novemba tulizinunua mwanzoni mwa Oktoba, siku ileile tuliponunua za kuhamia.

Jambo ambalo nisingelijua thamani yake kama si kwa mkasa ni mizigo. Kila abiria mwenye tikiti huruhusiwa kuingia ndani na mabegi mawili makubwa, kila moja likiwa na uzito wa hadi ratili 50, yaani kilo 22 na ushei, bila kulipa senti moja ya ziada, na hapo hujahesabu mkoba wa mkononi wala vitu vya mtoto mchanga. Mamangu, ambaye hakuliamini lori tangu alipoliona, alisisitiza tuitumie nafasi hiyo yote. Akafunga mikeka miwili, mablanketi, sufuria mbili, birika, kilo nne za mchele, na nguo za siku tatu za kila mmoja wetu. Nilibishana naye. “Mwanangu,” alisema, “mizigo iliyo mkononi mwako ndiyo yako.” Lori lililopaswa kufika Jumapili asubuhi lilifika Jumanne jioni, na kampuni hiyo, ambayo haina uhusiano wowote na Amtrak, haikutupa maelezo ya kueleweka. Kwa siku mbili tulilala juu ya mikeka katika nyumba tupu, tukapika wali, tukanywa chai kutoka birika lililopanda treni nasi. Ndege nyingi zinazoruka kati ya miji hii zingetutoza kwa mabegi makubwa, na gari letu halikuwa na nafasi hata ya mto wa kulalia.

Huduma ya Stesheni ya Union mjini Chicago inastahili sifa ya peke yake. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1925, na ukumbi wake mkuu una mabenchi marefu ya mbao na paa la kioo lililo juu sana, mahali pazuri pa kumsubirisha mtoto anayetaka kukimbia. Tulihudumiwa na mpagazi wa stesheni, mmoja wa wale wanaoitwa kofia nyekundu, ambao hubeba mizigo kwa kigari bila malipo ingawa ni vyema kuwapa bahashishi. Alitupeleka hadi kwenye behewa kabla ya foleni kuanza kusogea, akaipandisha mizigo, na kumwonyesha mamangu kiti kilicho karibu na choo. Kondakta naye alimshika mkono kwenye ngazi za behewa, ambazo ni za juu kwa mtu mwenye maumivu ya magoti, na akafanya hivyo tena wakati wa kushuka bila kuombwa.

Ndani, viti vilikuwa vimepangwa viwili viwili kila upande na vyote vikielekea mbele. Mamangu amepanda Madaraka Express mara kadhaa kati ya Mombasa na Nairobi, na katika daraja la kawaida la treni ile abiria hukaa watatu upande mmoja na wawili upande mwingine, magoti kwa magoti na watu wasiowajua. Alikiri kwamba hapa mtu ananyoosha miguu na kuegemeza kiti hata akasinzia, lakini akasema pia kwamba Madaraka inakwenda upesi zaidi kwa umbali wake na ni mpya kuliko hii. Nadhani amesema kweli. Mabehewa ya Borealis tuliyopanda yalikuwa safi na yenye joto la kutosha, lakini ni ya zamani, na anayetarajia mng'ao wa treni mpya ajue hivyo mapema. Kulikuwa na choo kipana chenye nafasi ya kumbadilishia mtoto nepi, na hilo lilinitosha mimi kuliko mng'ao wowote.

Kuhusu chakula nitasema machache. Behewa la mkahawa huuza kahawa, sandwichi na vitafunio, lakini kwa sisi tunaokula nyama ya halali tu, cha kuchagua ni kidogo. Abiria anaruhusiwa kula chakula chake mwenyewe akiwa kitini, na sisi tulikuwa na mahamri, mbaazi za nazi na mayai ya kuchemsha. Mamangu aliswali adhuhuri na alasiri akiwa ameketi, na hakuna aliyetutazama vibaya.

Sehemu ya kwanza ya njia, kupitia Milwaukee na kuingia ndani ya Wisconsin, ni mashamba na miji midogo. Mtoto wetu mkubwa alichoka kutazama nje kufikia Portage, na ilinibidi nimtembeze behewa hadi behewa. Huu ni uhuru ambao gari halina: njia ya barabara ni ya saa sita hivi, lakini saa sita za mtoto aliyefungwa kwenye kiti chake si sawa na saa saba na nusu za mtoto anayetembea, anayekwenda kununua maji na mama yake na kuwapungia mkono wazee wa behewa la jirani. Karibu na Tomah mamangu aliniuliza kwa nini mashamba yamejaa maji kama majaruba ya mpunga. Ni mashamba ya kranberi, tunda jekundu na chachu ambalo Wisconsin hulizalisha kuliko jimbo lolote la Marekani, na ambalo huvunwa majira hayo kwa kufurikisha shamba ili matunda yaelee juu. Lilelile liko mezani kila Sikukuu ya Shukrani.

Baada ya La Crosse, ambako tulifika takriban saa kumi alasiri, treni huvuka mto Mississippi na kuingia Minnesota, kisha hufuata ukingo wa magharibi wa mto huo kupitia Winona na Red Wing. Anayekwenda St. Paul na akae upande wa kulia. Jumapili ile ya Oktoba milima ya pande zote mbili ilikuwa na miti ya rangi ya dhahabu, ya kutu na ya damu ya mzee, na jua lilikuwa limeinama likiangaza maji moja kwa moja. Kati ya Winona na Red Wing mto hutanuka ukawa ziwa liitwalo Pepin, lenye upana unaofika kilomita tatu hivi, kwa sababu mchanga unaoletwa na mto Chippewa umeziba sehemu ya njia ya maji. Mamangu alisimama dirishani kwa muda mrefu akimpakata mjukuu wake. Maji yale mapana yalimkumbusha Mombasa, na aliniuliza kama yana chumvi.

Tulifika Union Depot ya St. Paul wakati wa magharibi, mume wangu akiwa anasubiri kwenye ukumbi. Hata asiye na mtu wa kumpokea hapati tabu, kwa kuwa treni ndogo ya mjini, Green Line, husimama mbele ya jengo hilo na kwenda hadi Minneapolis.

Siku kumi na moja baadaye watoto wa mtaa walibisha mlango wetu wakiwa na mavazi ya Halloween, usiku ambao watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na tukawajua majirani wote kwa usiku mmoja tukiwa bado hatujatundika mapazia. Kisha Novemba ikapita mbio, tukarudi Chicago Jumatano ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo mwaka huo iliangukia tarehe 28, kwa pilau na bata mzinga nyumbani kwa shangazi ya mume wangu.

Safari hiyo ndiyo iliyonifundisha habari ya mwanga. Treni ya kwenda Chicago iliondoka St. Paul saa 5:50 asubuhi, kwa hiyo mto wote hadi La Crosse tuliupita mchana, safari hii upande wa kushoto, na mtoto wetu alihesabu tai wenye vichwa vyeupe juu ya miti iliyokwisha kupukutika. Tuliporudi Jumapili hali ilikuwa nyingine kabisa. Saa zilikuwa zimerudishwa nyuma kwa saa moja, kama ifanywavyo huko kila majira ya mapukutiko, tangu tarehe 3 Novemba, na mwishoni mwa mwezi huo jua huzama katika eneo lile kabla ya saa kumi na moja jioni. Giza lilituingia tukiwa karibu na Winona, na ile sehemu bora ya njia ikawa kioo cheusi kinachotuonyesha nyuso zetu wenyewe. Mtoto alilia kwa kunyimwa tai wake. Treni ilikuwa imejaa, na tulifika salama, lakini kama ningeweza kuchagua upya ningeutumia mwezi wa Oktoba kwenda magharibi, na Novemba ningesafiri kuelekea mashariki tu.

Jambo moja la tahadhari: sehemu kubwa ya reli hizi ni mali ya makampuni ya treni za mizigo, kwa hiyo asiwepo mtu wa kupanga miadi ya lazima au ndege ya kuunganisha saa moja tu baada ya saa ya kufika. Sisi tungeacha nafasi ya saa tatu au nne.

Ndege ya mamangu ya kurudi Mombasa itaondokea uwanja wa O'Hare mwezi wa Januari. Mume wangu amejitolea kumpeleka Chicago kwa gari, naye amekataa kwa upole. Anataka alale usiku mmoja kwa shangazi, na tikiti yake iwe ya treni ya saa 5:50, dirisha la kushoto.