Zawadi ya mtu wa nyama choma: kabla hujatoa hela, muulize muuzaji mkaa unaongezewa wapi

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana baba watoto alikuwa anatimiza miaka 40, na yule bwana Jumamosi ikipita bila nyama kwake haijawa Jumamosi, kwahiyo nikasema safari hii simnunulii shati, namnunulia jiko la maana la kuchomea. Nikaingia Kariakoo, nikatoka na lile jiko la kukunja, jembamba, lina mshikio kama begi la laptop, jeusi linang'aa, boksi lake lina picha ya familia ya kizungu inacheka. Laki moja na themanini na tano. Muuzaji kaniambia dada hili ni la Ujerumani. Boksi halijaandika Ujerumani popote, nimekuja kulisoma baadaye nikiwa na hasira zangu.

Siku yenyewe tukachukua mbuzi machinjioni Vingunguti asubuhi, mguu mzima na mbavu, shemeji kaja, wakwe wamekuja, moto ukawaka vizuri tu. Dakika arobaini za kwanza watu wanapiga picha. Halafu mkaa ukaanza kulegea, mbavu nje zimeshika rangi, ndani bado damu, na mguu ndio kwanza haujaanza hata kutoa mafuta. Sawa, ongeza mkaa. Tunaongezea wapi? Jamani lile jiko halina mlango, halina droo, halina hata tundu la kupitishia kijiko, wavu umekaa juu umebanwa na vindoano vinne, yaani ili uongeze mkaa inabidi unyanyue wavu mzima na nyama zake zote, na wavu wenyewe hauna pa kushika. Baba watoto akashika upande mmoja na taulo la jikoni, shemeji upande wa pili na khanga yangu, wakahesabu moja, mbili, tatu, wavu ukapinda katikati na mbavu zikaanza kuteleza moja baada ya nyingine mpaka kwenye majani. Mama mkwe alikuwa kimya muda wote. Akauliza, "Hili ni jiko au sanduku?"

Tangu siku hiyo mimi jiko la kuchomea nalipima kwa kitu kimoja. Wengine watakwambia angalia ukubwa, angalia matairi, linatosha watu wangapi, sawa, hayo utayaona kwa macho yako. Wewe uliza mkaa unaongezewa wapi nyama ikiwa juu. Haya majiko ya maboksi yametengenezwa kwa watu wanaochoma soseji na vipande vyembamba, dakika kumi na tano wameshakula, hawana haja ya kuongeza chochote. Sisi mguu wa mbuzi unakaa motoni saa moja na nusu, saa mbili, unageuzwa polepole, mkaa wa kwanza lazima uishie njiani. Na usinidanganye kwamba utajaza mkaa mwingi mwanzoni, ukijaza unaunguza nje halafu ndani inabaki mbichi, tukaja kuita nyama imekataa kuiva wakati imeunguzwa.

Jaribio lake ni rahisi, lifanye hapohapo dukani. Weka chupa mbili za maji juu ya wavu zijifanye nyama, mwambie muuzaji akuonyeshe anavyoongeza mkaa bila kutoa chupa. Mtazame usoni. Atakwambia "aah dada hili halihitaji kuongeza." Shukuru, toka.

Sasa orodha yangu. Sijali nani atanuna.

Namba moja ni Weber, jiko la mkaa la Kimarekani, ile ya duara yenye miguu mitatu na kifuniko, na sijifichi, mimi hiyo naipenda kupita kiasi. Mwaka 1952 jamaa mmoja wa Chicago anaitwa George Stephen, kazini kwao Weber Brothers walikuwa wanatengeneza maboya ya chuma, akachoka na upepo kumpulizia majivu kwenye nyama, akachukua boya akalikata nusu, nusu ikawa jiko na nusu ikawa kifuniko. Ukishachomea Kigamboni jioni upepo wa bahari unapovuma unamwelewa kabisa huyu mtu. Rangi yake ni enameli iliyochomwa kwenye tanuru, haibabuki kama ile ya kupuliza ya jiko langu, ambayo ilianza kutoka magamba mchana uleule na sijui nani kayala. Lakini hata hapa angalieni, sio Weber zote zina kile ninachokitaka. Tafuta yenye wavu wa bawaba, ule ambao vipande viwili vya pembeni vinafunguka kama dirisha, unainua kile kidogo tu, unatumbukiza mkaa, nyama ya katikati haina habari. Ile ya bei ya chini kabisa wavu wake ni mzima, ila wavu wa bawaba unauzwa peke yake pia, muhimu upime kipenyo kwanza, ile kubwa inayojulikana ni ya inchi 22. Chini ina mkono unausukuma majivu yanadondoka kwenye chombo. Basi, nimemaliza, siwezi kuisema vibaya.

Nikiisema vibaya itakuwa bei tu, na hapo tatizo sio kampuni. Marekani hilo jiko ni kama dola 200 hivi. Huku kuna duka nimetajiwa milioni moja na laki mbili, nikauliza mbona hivyo, nikaambiwa ushuru. Naujua ushuru, najua VAT ni asilimia 18 na forodha ina chake na meli haiji bure, lakini nimepiga hesabu zangu usiku kwenye simu na bado kuna laki kadhaa hapo zimelala hazina mwenyewe. Afadhali huyo alitaja bei. Kuna hawa wa Instagram wanaweka picha, unauliza bei hadharani kama mtu mstaarabu, unajibiwa "njoo DM mpenzi." Nije DM kufanya nini? Jiko lina siri gani? Ukienda wanakuangalia profaili kwanza, ukionekana umepiga picha mbele ya gari bei inapanda. Nimejaribu kwa akaunti mbili, yangu na ya mdogo wangu, jiko lilelile, siku ileile, tofauti elfu sabini.

Njia ya kuipata bila kuuza shamba ni wageni wanaohama. Masaki na Oysterbay mkataba wa mtu ukiisha anauza nyumba nzima, sofa, baiskeli za watoto, na jiko mara nyingi lipo. Nililikosa moja la laki nne kwa sababu nilisema ngoja nimuulize mume wangu, kurudi limeshachukuliwa. Ukikuta la hivyo angalia pale kwenye kibati cha tundu la hewa juu ya kifuniko, kuna herufi zinazoonyesha mwaka lilipotengenezwa. La zamani sio baya, angalia tu ndani enameli isiwe imepasuka na kuanza kula kutu.

Namba mbili, na kwa wengi wetu ndio itakuwa namba moja, ni pipa la fundi. Nenda kwa fundi wa mageti, mtaa wa Gerezani hapa Dar wamejaa, na ukifika usiseme unataka grili maana atakuuliza dirisha upana gani. Sema jiko la nyama choma la pipa. Pipa la lita 200 linakatwa kwa urefu, nusu jiko, nusu kifuniko, miguu ya engo. Wengi wanaishia hapo halafu wanarudi kwenye tatizo lile lile la kunyanyua wavu. Wewe mwambie akate kimlango mbele, upana wa koleo la mkaa, chenye bawaba na kishikizo kirefu, kiwe chini ya wavu. Atakwambia hiyo ni kazi nyingine, atataka elfu ishirini zaidi, mpe. Na wavu ugawanywe vipande viwili au vitatu, kila kimoja na mikono yake.

Pipa uliza lilibeba nini. La mafuta ya kula poa. La rangi au dawa za kiwandani liache hata kama la bure. Lolote utakalochukua lichomwe na kuni nyingi tupu kwanza, mpaka rangi yote ya ndani na nje iungue, ndipo lisuguliwe. Wavu usiwe wa waya mweupe wa mabati, ule umepakwa zinki na hautakiwi kwenye chakula, na tafadhali sana usiwe ule wa kwenye friji bovu. Najua mitaani unatumika, najua mishkaki yake ni mitamu, lakini nyavu za friji za zamani nyingine zimepakwa kadimiamu, na hiyo ikipata moto ni sumu, sio suala la ladha. Agiza vyuma vya duara vya milimita 8, vyeusi, na nafasi kati yake isipite upana wa kidole gumba. Nondo yenye mistari hapana, ile mistari inashika mafuta na hutakuja kuisafisha.

Namba tatu watu wanaidharau, ni bomba la kuwashia mkaa. Kopo refu la chuma lenye mshikio, mkaa juu, karatasi chini, unawasha, dakika kumi na tano mpaka ishirini mkaa wote mwekundu. Hamna mafuta ya taa. Nyama ngapi tumekula zina harufu ya mafuta ya taa tukasema ni viungo? Na wale wa kuwashia plastiki, mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019 nikadhani tumepona, sasa wanawashia vipande vya ndala. Ila mimi nimelipandisha bomba kwa sababu nyingine, linamaliza ishu yangu ya kuongeza. Mkaa mbichi ukiutupa kwenye moto unaopoa unapata moshi na joto linashuka zaidi, lakini ukiwasha mwingine pembeni kwenye bomba, unamimina ukiwa tayari umeiva, moto unaendelea kama hakuna kilichotokea. Kama mtu wako ana jiko tayari na mlango lina, mpe hili na usihangaike. Weber wana lao (ndiyo, tena), lakini fundi yuleyule anaweza kukutengenezea kwa kopo kubwa la maziwa ya unga, matundu chini, mshikio wa mbao.

Namba nne ni gunia la mkaa mzuri. Mnacheka. Mtu anayechoma kila wiki ukimshushia gunia la mkaa mgumu mlangoni, vipande vikubwa, sio lile ambalo nusu ni vumbi na juu wameweka vipande vitatu vya kukupumbaza, atakukumbuka wewe kuliko aliyeleta saa. Lifungue kabla ya kulipa, ingiza mkono mpaka chini.

Visu, Tramontina ya Brazil, wapo tangu 1911 na visu vyao vya nyama vinakaa na makali, usichukue seti ya vipande kumi na mbili, chukua kimoja kirefu na ubao mnene wa kukatia wenye mfereji wa mchuzi. Vijiti vya mishkaki visiwe vya duara, ukigeuza kijiti nyama inabaki palepale inakuangalia, tafuta bapa. Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama ni zawadi nzuri kama mtu wako anachoma kuku, ndani ya paja ikisoma nyuzi 74 mtoe, ila akiwa ni wale wanaosema mimi napima kwa kidole, kitaishia kwenye droo.

Vilivyobaki nina maneno machache. Aproni zenye maandishi, hapana. Brashi za waya za elfu tano, zinadondosha waya na waya unaingia kwenye nyama, kitunguu nusu kwenye uma kinasafisha wavu wa moto vizuri tu. Jiko la gesi la kuchomea, kama mtu anakaa ghorofa ya nne na mwenye nyumba hataki moshi mpe, lakini hiyo tuite nyama ya kukaanga hewani, nenda kawaulize wachoma nyama wa kwa Mrombo pale Arusha kama wanachoma na mtungi.

Lile la Kariakoo nililirudisha Jumatatu yake. Nikaonyeshwa karatasi ukutani, mali ikiuzwa hairudishwi, nikamwambia sikatai, nionyeshe basi mkaa unaongezewa wapi. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Akasema "dada, si unanyanyua tu wavu?"

Sasa hivi liko uwani linaanika vitunguu. Mwezi uliopita nimeweka advansi ya pipa Gerezani, laki moja, mlango umechorwa kwa chaki mbele ya macho yangu na nikaupima kwa koleo niliyokwenda nayo kutoka nyumbani. Fundi kasema Jumamosi. Jumamosi tatu zimepita, leo nimempigia, kasema pipa limeshakatwa, bado bawaba tu.