Mashine za mkono za kufyatulia matofali ya kufungamana: ipi ununue, ipi uiache

Kabla hujauliza bei ya mashine, hesabu ukuta wako. Tofali la kufungamana, yaani la udongo na saruji lenye ulimi na mfereji, linalotumika sana Uganda lina urefu wa mm 265, upana wa mm 140 na kimo cha mm 100. Kwa vipimo hivyo, mita moja ya mraba ya ukuta hula matofali 37 au 38. Nyumba yenye mita za mraba 100 za ukuta, ukishatoa milango na madirisha, itahitaji karibu 3,800. Ongeza ya kuvunjika na ya kukatwa kwenye pembe, utafika 4,000. Watu watano waliokwisha kuizoea kazi hufyatua 400 kwa siku kwa mashine moja ya mkono, kwa hiyo kazi nzima ni siku kumi.

Siku kumi. Hapo ndipo wengi wangepaswa kusimama na kufikiri. Mwenye nyumba moja tu akodi, na fedha inayobaki ainunulie saruji. Kununua kunafaa kikundi cha akiba na mikopo chenye wanachama wa kujengeana nyumba, shule au kanisa lenye majengo kadhaa mbele yake, au fundi anayetaka kuifanya kuwa biashara. Kwa hao mashine itakaa miaka, na swali lao kubwa si kama itafyatua leo. Swali ni kama tofali la elfu ishirini litalingana na la kwanza.

Ukuta wa matofali haya hauna udongo mnene wa kuziba makosa. Ulimi wa tofali moja huingia kwenye mfereji wa jingine, kati yao panapita uji mwembamba wa saruji tu, na pengine hapapiti kitu. Ukuta wa mita 2.5 una safu 25. Mashine iliyolegea ikitoa matofali ambayo upande mmoja wa nyumba yamezidi kimo kwa mm 2, ukifika kwenye linta upande huo uko juu kwa sentimita 5. Mwashi atalazimika kutandika saruji kila safu kurudisha usawa, na ile nafuu uliyoifuata imekwisha.

Jinsi ya kuijaribu mashine kabla ya kulipa

Nenda na vitu vinne: rula ya chuma, mizani ya jikoni inayofika kilo 10, pimamaji, na gunia la udongo wako uliochekechwa kwa wavu wa matundu ya mm 5. Usikubali ijaribiwe kwa udongo wa muuzaji, maana ameshauchagua unaomfaa.

Fyatua matofali kumi mfululizo, kila moja ulichore namba kwa msumari. Lipime kimo kwenye pembe zote nne, kisha lipime uzito. Vipimo hivi viwili vinasema mambo tofauti, na wanunuzi wengi hawavitenganishi. Mashine ya mkono hushindilia mpaka mkono wake ufike mwisho, na hapo kimo cha tofali kimekwisha kuamuliwa na chuma. Ukijaza udongo kidogo, kimo kitakuwa kilekile, lakini tofali litakuwa jepesi na laini. Kwa hiyo mizani inakuambia habari ya mjazaji, rula inakuambia habari ya mashine. Uzito ukitofautiana wakati kimo ni kimoja, mfundishe mjazaji. Kimo kikitofautiana huku mkono umefika mwisho kila mara, pini au bushi (pete za chuma zinazoshika pini) zimelegea. Na pembe za upande mmoja zikiwa juu kuliko za upande wa pili katika matofali yote kumi, sahani ya chini imekaa upande, na hilo halirekebishwi kwa grisi.

Tofauti ya mm 1 kati ya pembe na pembe inavumilika. Ikifika mm 2 kwa mashine mpya, iache. Malizia kwa kuyapanga matofali manane moja juu ya jingine bila kitu katikati, uweke pimamaji ubavuni. Yakikaa wima na ulimi ukaingia bila kugongwa, hiyo ni mashine.

Nafasi ya kwanza: mashine ya mkono ya kufungamana kutoka kiwandani

Hapa tunazungumzia aina ya Makiga, inayotengenezwa Nairobi na iliyoenea Uganda kwa miaka mingi kupitia miradi ya shule na makazi. Inafanya kazi bila umeme wala mafuta, inabebwa na pikapu, na watu wanne wanaishusha. Ubora wake mkubwa ni kalibu, yaani sanduku la chuma linalolipa tofali umbo: bamba za ndani ni nene na zimenyooka, na kifuniko hufunga mahali pamoja kila mara.

Faida ya pili ni vipuri. Mashine ya mkono husukuma udongo kwa shinikizo la megapaskali 2 hivi. Juu ya tofali la mm 265 kwa 140, hiyo ni nguvu ya zaidi ya tani 7, na yote hupitia kwenye pini chache zisizozidi unene wa kidole gumba kwa mbali. Pini na bushi zitalika, hakuna mashine isiyolika. Unapolipa, dai seti moja ya pini na bushi za akiba iandikwe kwenye risiti ileile.

Uliza pia kama unaweza kupata kalibu ya tofali la kujipinda kwa ajili ya tangi la maji. Moses Musaazi, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ndiye aliyelifanya tofali hilo lijulikane Uganda, na kwa kikundi cha kijijini linaweza kuleta kazi nyingi kuliko nyumba, kwa sababu kila shule yenye paa la bati inahitaji tangi. Ila usidhani kalibu zinabadilishwa kama vifuniko vya sufuria. Mara nyingi tofali la kujipinda lina mashine yake.

Nafasi ya pili: iliyochomelewa Katwe

Mafundi wa Katwe, mtaa wa Kampala, wanaweza kukuundia karibu kitu chochote cha chuma, na mashine hii mojawapo. Bei huwa nafuu, na ikivunjika aliyeiunda yuko karibu. Tunaiweka ya pili kwa sharti la kipimo, kwa sababu mbili zinazotoka kwa fundi mmoja zinaweza kutofautiana.

Tazama unene wa kuta za kalibu. Bamba la mm 5 hutuna katikati baada ya miezi, na tofali huanza kutoka na tumbo na kukwama wakati wa kusukumwa juu. Taka mm 8 au 10. Tazama kama bamba za ndani zimefungwa kwa bolti au zimechomelewa moja kwa moja. Za bolti utazibadilisha zikilika, za kuchomelewa utalazimika kukata. Pitisha kidole kwenye mshono wa kiungo cha mkono: uwe umechomelewa mfululizo, si nukta nukta. Nyufa za kwanza huonekana pale. Na muulize fundi pini zake ni chuma gani. Nondo ya kujengea iliyokatwa si pini. Inakunjika na kulitanua tundu lake, na tundu likishakuwa yai, mashine nzima hucheza. Ekseli chakavu ya gari iliyochongwa kwenye lezi, mashine ya kuchongea chuma, ni bora mara nyingi.

Lipa kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke baada ya jaribio la matofali kumi.

Nafasi ya tatu: iliyokwisha kutumika

Mashine ya mradi uliomalizika inaweza kuwa bahati. Imelala ghalani, imefyatua elfu chache tu, na wenyewe wanataka nafasi. Inaweza pia kuwa mzigo. Usiangalie rangi, ambayo hupakwa asubuhi ukaitwa mchana. Shika ncha ya mkono wa mashine uitikise kushoto na kulia: ikicheza zaidi ya upana wa vidole viwili, hesabu gharama ya pini na bushi zote. Inama uangalie mkono kwa urefu wake kama unavyokagua mbao. Mkono uliopinda unakuambia watu walikuwa wakijaza kupita kiasi kisha wakiurukia wawili wawili, na aliyeurukia mkono amevilegeza na viungo. Mwisho, weka rula ubavuni ndani ya kalibu. Mwanga ukipenya katikati, bamba limelika.

Nafasi ya nne: ya injini na haidroliki

Mashine kama za Hydraform ya Afrika Kusini hushindilia kwa nguvu kubwa zaidi na hutoa tofali pana la mm 220 lililo gumu. Ni mashine nzuri, na kwa mkandarasi mwenye mkataba wa madarasa kadhaa ingekuwa ya kwanza. Kwa mtu wa kawaida tunaiweka ya nne kwa sababu ya mambo yanayokuja baada ya kununua: dizeli, fundi wa haidroliki, paipu inayopasuka ukiwa Kotido na kipuri kiko Kampala. Tena hula udongo kwa kasi. Ukiwa na chekeche moja na wachimbaji wawili, itasimama ikiwangoja.

Nafasi ya tano: ya tofali bapa

Cinva-Ram, iliyobuniwa Kolombia katika miaka ya 1950, ndiyo babu wa mashine hizi zote. Nyepesi, rahisi, na karibu haifi. Tofali lake ni bapa, halina ulimi, kwa hiyo utajenga kwa udongo wa saruji kila safu kama tofali la kuchoma. Inunue kama umeipata kwa bei ya kutupa na mwashi wako hapendi matofali ya kufungamana.

Udongo, kabla hujailaumu mashine

Malalamiko mengi kuhusu mashine ni malalamiko ya udongo. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi, chimba ule mwekundu wa chini au moramu yenye changarawe ndogo. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi uachane nao kabisa.

Tengeneza boksi la mbao lenye urefu wa sm 60, upana sm 4 na kina sm 4, lipake oili ndani, lijaze udongo uliolowa vizuri, ulisawazishe na uliache likauke kabisa, siku tatu mpaka tano juani. Sukuma vipande vyote upande mmoja upime pengo. Pengo likiwa chini ya mm 15, changanya ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 18 za udongo. Mm 15 hadi 30, tumia 1 kwa 16. Mm 30 hadi 45, 1 kwa 14. Mm 45 hadi 60, 1 kwa 12. Zaidi ya hapo ongeza mchanga upime upya. Kwa uwiano wa kawaida, mfuko wa kilo 50 hutoa matofali 100 hivi, na udongo ukiwa mzuri huzidi hapo.

Maji ndiyo yanayowashinda wageni. Finyanga donge la ukubwa wa ngumi, liachie kutoka usawa wa kifua lianguke kwenye ardhi ngumu. Likisambaa kama unga, maji hayatoshi. Likibaki donge moja lililobonyea, yamezidi, na tofali litang'ang'ania kalibu. Likivunjika vipande vitatu hadi vitano, fyatua. Usichanganye zaidi ya kiasi utakachomaliza kwa nusu saa, maana saruji haimsubiri mtu.

Kwa kujaza tumia boksi la kipimo, usitumie beleshi. Anza na lita 6 hivi kwa tofali, kisha punguza au ongeza mpaka mtu mmoja aushushe mkono kwa uzito wa mwili wake, bila kuruka na bila kuteleza chini bure. Ukipata kiasi hicho, kata boksi kwa ukubwa huo na usiruhusu mtu alijaze kwa kichuguu.

Tofali likitoka, lishike kwa viganja viwili kwenye ncha, usilishike pembeni mwa ulimi. Yapange kivulini, yafunike kwa nailoni, yamwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7, na usiyajengee kabla ya siku 28. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, jenga kibanda kwanza. Tofali la siku moja likinyeshewa linarudi kuwa udongo.

Utunzaji unaorefusha maisha ya mashine

Grisi ni ya pini tu. Ndani ya kalibu grisi hukusanya mchanga, na mchanga ndio unaolila bamba. Humo pangusa kwa kitambaa chenye dizeli na oili chafu kidogo, kila baada ya matofali ishirini au thelathini. Jioni osha kalibu kabla haijakauka, ukikwangua pembe na mifereji ya ulimi kwa kijiti. Mabaki ya saruji yaliyolala humo usiku mmoja hugeuka jiwe, na kesho yake kila tofali litatoka na kovu mahali palepale.

Kila matofali elfu moja, rudia kipimo cha rula kwa matofali matatu na uandike daftarini. Kimo kikianza kupanda taratibu, badilisha bushi mapema. Bushi iliyochelewa hula pini, pini hula tundu, na tundu likishatanuka unarudi Katwe kujaza chuma na kutoboa upya. Daftari hilo liuze pamoja na mashine siku utakapoiuza: mnunuzi anayejua kazi ataomba kuliona.