Kibanda cha kutunza simu nje ya gereza: nyota nne
Mdogo wangu yuko mahabusu tangu mwezi wa tatu, kwa hiyo kibanda hiki cha mama muuza chai, mkabala na geti, nimekizoea kuliko nilivyotaka. Getini simu haipiti. Mara ya kwanza niliificha kwenye soksi. Askari akaiona, nikarudishwa na hotpoti yangu ya wali bila kumwona mtu.

Siku hizi naiacha kwa mama kwa shilingi 500. Anaizima mbele yako, anaifunga kwenye mfuko na kukupa kipande cha boksi chenye namba. Dada ukija umevaa suruali, khanga ya kuazima ipo, bure, ingawa ile ya njano inanuka moshi. Tena atakukumbusha mapema: kitambulisho kiwe mkononi, chakula utaambiwa uonje mwenyewe mbele ya askari, kwa hiyo pilipili usizidishe.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu saa saba hufunga akaenda kuswali. Nilitoka ndani, baada ya dakika kumi tu za kuongea kupitia wavu, nikamsubiri juani. Chapati zake lakini! Chukua mbili.