White Risk: taarifa ya theluji ninayoisoma kila jioni hapa Mombasa

Mombasa tuna ndugu wengi walioolea ama kuolewa Ulaya, na baridi ikiingia huko picha za theluji hujaa simuni. Picha haikwambii kama mlima uko salama. White Risk inakwambia. Ni programu ya bure ya SLF, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos, Uswisi. Kwa maoni yangu, kila familia yenye mtu anayepanda milima ile wakati wa baridi iwe nayo.

Mdogo wangu Salim ameoa huko huko Davos. Wifi yangu huteleza mlimani kwa skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni juu ya theluji, tena mbali na njia zinazokaguliwa, na ndiye aliyenionyesha programu hii.

Taarifa ya jioni hutoka saa kumi na moja yao. Kwetu ni saa moja usiku, baina ya maghribi na isha. Ramani hupakwa rangi kwa daraja tano za hatari ya maporomoko ya theluji, kuanzia ndogo hadi kubwa kabisa: kijani ni 1, manjano 2, chungwa 3, nyekundu 4, na ya 5 ni nyekundu na nyeusi. Wengi wakishaona rangi hufunga simu. Tafadhali msifunge. Daraja la 3, kwa kuwa liko katikati, mtu huliona la kawaida, kumbe karibu nusu ya vifo vya maporomoko Uswisi hutokea siku za daraja hilo, maana watu bado wanatoka.

Faida kubwa iko kwenye maelezo yaliyo chini. Kuna siku ya Januari eneo la Davos lilikuwa chungwa. Maelezo yakasema hatari iko juu ya mita 2200, miteremko inayotazama kaskazini na mashariki. Chini kuna tabaka dhaifu la theluji ya zamani, juu yake theluji iliyoletwa na upepo, na mtu mmoja tu anatosha kuiporomosha. Hili la upepo nililielewa mara moja. Kaskazi ikivuma ufuoni Nyali, mchanga hukwanguliwa upande wa bahari ukalundikana nyuma ya ukuta. Theluji nayo hulundikana nyuma ya mgongo wa mlima, ikashikana ikawa bamba, na bamba likikaa juu ya chembe zisizoshikana, linangoja uzito tu.

Nikapiga simu. "Salim, kesho mteremko wenu unatazama wapi?"
"Kaskazini, dada."
"Mkali kiasi gani?"

Akamuuliza mkewe. Wifi akafungua ramani ya swisstopo, idara ya ramani ya serikali ya Uswisi, inayopaka rangi miteremko inayozidi digrii 30, kwa sababu maporomoko ya bamba huanzia kwenye ukali huo. Wao wangepita kwenye 35. Walibadilisha safari usiku ule ule, wakachagua njia iliyo chini ya 30 na isiyo na mteremko mkali juu yake. Hilo la mwisho ni muhimu: poromoko linaweza kuanzia juu na kukufuata bondeni.

Taarifa hii lakini ni ya eneo zima, si ya mteremko mmoja. Aliye mlimani ndiye anayesikia theluji ikitoa mlio wa "wumm" chini ya miguu, au kuona ufa ukikimbia mbele ya skii. Hapo anageuka, hata kama ramani ni manjano. Na programu haimfukui mtu: kila mmoja abebe kifaa cha mawimbi ya kutafutana, ufito mrefu wa kuchomea theluji na sepetu, maana aliyefukiwa kabisa nafasi yake ya kuishi hushuka vibaya baada ya dakika 10 hivi.

Lugha ni Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza. Kiswahili hakuna, nami natamani kingekuwepo. Ukiipakua, tafuta kwanza jina la eneo anakoishi ndugu yako, na usome upya saa nne asubuhi yetu, kwani katika majira ya baridi kali hutoka taarifa nyingine wakati huo na daraja huweza kubadilika.