Uzoefu wangu: nimerudi kwenye mbio za vilima vya ziwani Kigoma baada ya kuapa sirudi

Niseme mapema ili asiye na muda asihangaike, hizi mbio za kupanda vilima vya ziwani hapa Kigoma safari hii zimeandaliwa vizuri, nimekimbia nimemaliza na ukiniuliza nakwambia jiandikishe. Na nasema hivi mimi ambaye mara ya kwanza niliondoka nimeapa hawa watu hela yangu hawaili tena.

Kwa msioijua njia yenyewe, mnaanzia Kibirizi, pale zinapopakia boti za Gombe na vijiji vya kaskazini, mnakwenda kidogo kando ya maji halafu mnaacha ufukwe mnapanda. Na kupanda kwenyewe jamani ule ni ukingo wa bonde la ufa, unanyanyuka kutoka majini moja kwa moja, ziwa lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari na nyie mnatoka hapo kwenda juu zaidi, kokoto zinateleza, mashamba ya mihogo, na miti ni ya kuhesabu maana vilima vya upande huu vimekatwa miaka mingi. Kivuli hamna. Mkishafika mgongoni mnafuata vilele, mnateremkia Kalalangabo, halafu mnarudi kwa njia ya chini juu ya mawe ya ufukweni. Mdogo wangu alikuja na treni kutoka Tabora, kule anakimbia tambarare kila asubuhi na pumzi anayo, lakini kilima cha kwanza tu mapaja yalianza kutetemeka. Kwa hiyo ukijipima kwa muda wako wa barabarani utajidanganya.

Sasa hiyo mara ya kwanza. Tuliambiwa tunaanza saa moja asubuhi, saa moja kweli tumejipanga na namba zetu kifuani, tukaambiwa tusubiri mgeni rasmi. Tukasubiri. Mgeni rasmi akaja, hotuba, picha, hotuba nyingine ya kumshukuru aliyetoa hotuba, tumeachiwa saa mbili na nusu imeshapita. Mtu wa nje anaweza kuona ni jambo dogo, kuchelewa tumezoea, ila kwenye njia ile sio dogo hata kidogo na nitaeleza kwa nini. Vile vilima vinatazama magharibi, vinatazama Kongo, kwa hiyo asubuhi jua linatokea nyuma yake na upande wa ziwani unabaki na kivuli cha mlima wenyewe. Halafu huku kwetu jua linachelewa kuchomoza kuliko Dar, mwezi wa saba saa moja ndio kwanza kunapambazuka. Ukianza muda huo unapanda kwenye ubaridi wote ule. Ukianza saa mbili na nusu, unapofika mgongoni jua limeshavuka juu na linakupiga utosini mpaka mwisho.

Ndivyo ilivyokuwa. Nimefika kituo cha maji cha juu nakuta meza ipo, vijana wawili wapo, maji hakuna. Maji yalikuwa yaletwe na bodaboda na bodaboda ilishindwa kupanda, hata mimi ningewaambia itashindwa. Nikaendelea kwa sababu kurudi nyuma ni mbali kama kwenda mbele, na huko mbele utepe wa kuonyesha njia umekatika, vijinjia vya wakulima viko vinne vitano, nikashika kimoja, misuli ya nyuma ya mguu ikabana nikakaa chini, nikaanza kutapika. Mama mmoja alikuwa shambani kwake anapalilia, akaniona, akanisalimia kwa Kiha, mwakeye, akaja na maji kwenye kidumu, akanivuta kwenye mwembe wake na akamtuma kijana wake anishushe mpaka Kalalangabo. Wavuvi wakanipandisha boti mpaka Kibirizi bila kunidai hata shilingi. Na hapa ndipo palipo na uchungu wangu mpaka leo, nafika nakuta turubai limeshakunjwa, spika zinapakiwa kwenye gari, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa anajua kwamba kuna mtu bado yuko mlimani. Hawakuhesabu. Walihesabu waliomaliza kwa ajili ya medali, waliobaki huko juu hawakuhesabiwa na mtu. Ningezimia kule juu ningetafutwa na mama wa mihogo, sio na waliochukua ada yangu.

Niliwaandikia, barua ndefu na ya hasira. Kipindi kirefu kimya, halafu akanipigia mmoja wao, dada mwenye adabu sana, hakujitetea, akaniuliza njia ilinipotea sehemu gani hasa na utepe uliishia wapi. Tukaongea karibu saa nzima. Kwa hilo tu nikasema ngoja niwape nafasi.

Sasa mambo yalivyo. Saa moja kamili filimbi imelia, mgeni rasmi alikuwa bado njiani na hakuna aliyemsubiri, wamempa kazi ya kuvalisha medali mwishoni ambayo ndiyo inayomfaa. Maji hayaji tena na bodaboda, yanaletwa na boti mpaka ufukweni chini ya kilima tangu jana yake, halafu akina mama wa kijiji wanalipwa kuyapandisha kichwani, na nilimuuliza mmoja kama kweli wamelipwa akaniambia walilipwa kabla hawajanyanyua ndoo. Hii imenifurahisha kuliko kitu chochote. Utepe umebadilishwa, kwenye mawe wamepiga chokaa, na kila panapogawanyika njia kuna kijana wa hapo hapo anayezijua hizo njia tangu utoto. Kila kituo wanaandika namba yako na saa uliyopita, nyuma kabisa kuna wawili wanatembea na mtu wa mwisho hawamwachi, na boti yenye injini inasubiri Kalalangabo kwa atakayeshindwa.

Kingine ni ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji. Pale mezani kuna nesi na ORS zimeshakorogwa, pakiti moja lita moja ya maji kama inavyoandikwa, na alikuwa anamsimamisha kila anayebugia maji matupu. Akatueleza kwamba unapotoka jasho unapoteza na chumvi, ukijaza tumbo maji peke yake chumvi iliyobaki kwenye damu inazidi kupungua, kichwa kinauma, kichefuchefu, ukizidisha unaweza hata kupoteza fahamu, na mtu akikuona hivyo anadhani una kiu anakuongezea maji. Ningekutana na huyu nesi ile siku ya kwanza.

Njia ya ufukweni imekuwa ngumu kuliko zamani, hilo lazima mjue. Ziwa lilipopanda sana 2024 lilikula mchanga sehemu nyingi, kuna mahali palikuwa pa kukimbia sasa unapita maji yakikufika magotini au unaruka mawe, na mawe yenye ukijani yanateleza vibaya. Vaeni raba zenye meno, za barabarani mtaanguka. Ila ukitoka kule juu ukaingiza miguu kwenye maji ya Tanganyika, aisee, mwili wote unarudi.

Mwishoni kuna ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa hili, ya kuchoma, moto kabisa, sio mabaki.

Yasiyoniridhisha, vyoo pale mwanzo ni vichache mno hasa kwa wanawake, foleni mpaka wengine wamekosa kujinyoosha misuli kabla ya filimbi, fulana ukichelewa kuchukua unapewa saizi iliyopo, na matokeo waliyosema yatakuja kwa meseji mimi yamenifikia kesho yake jioni. Pia kuna mteremko wa kuingia Kalalangabo, kipande kirefu kuliko vyote bila maji, na ndicho kile kile kilichonilaza chini. Safari hii nilikivuka kwa sababu nilibeba chupa yangu, lakini nimeona watu wanafika chini midomo imekauka. Yule dada nimeshampigia, waongeze meza moja katikati pale, kwenye ule mwembe, na akina mama wenye mashamba hapo walipwe wao kuisimamia.