Tyusheni ya bayolojia Majengo: enzaimu kaziweza, hesabu ya damu ilitaka kunivunjia nyumba

Wazazi wenzangu wenye watoto wa fomu foo, salam. Huu ni mwezi wake wa tatu kijana wangu yuwenda tyusheni ya bayolojia pale Majengo, hapa Mombasa, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro, Jumatano jioni na Jumamosi mchana akitoka madrasa. Nalipa elfu mbili kwa mwezi, tena kwa simu na kabla ya tarehe tano, bas nahisi nina haki ya kusema nilichokiona. Jina la mahali silitaji, ukifika katikati utajua kwa nini, na wenyewe wakisoma watajijua.

Mie si mwalimu. Mie nauza mishkaki na viazi karai jioni, na shule niliachia fomu tu, yaani kidato cha pili. Kwa hivyo hii ni rivyuu ya mtu wa jikoni, anayetaka ya msomi asubiri msomi aandike.

Kilichonipeleka pale ni moki, ule mtihani wa majaribio. Kijana alileta D, nikachukua ile karatasi nikaipitia japo nusu yake sielewi. Swali moja waliulizwa kwa nini enzaimu haifanyi kazi ikishachemshwa, yeye kajibu "kwa sababu imekufa", kapigwa kosa kubwa jekundu. Nikasema mbona jibu sawa, kitu kikichemshwa si kimekufa? Yeye hajui, mie sijui, babake ndio kabisa. Hapo nikaona huyu yataka msaada nje ya nyumba hii.

Siku ya kwanza niliomba nikae nyuma nisikize, na ndiyo siku mwalimu alipopata nyota zake. Kaingia na papai bichi. Hana kitabu hana daftari, ana papai bichi la Marikiti na kisu. Akalikwaruza ganda, ule utomvu mweupe ukaanza kutona, akauliza nani ajua hii nyumbani yatumiwa kwa nini. Darasa zima kimya, mie mama mtu mzima nikainua mkono! Nikamwambia hiyo ndiyo dawa ya nyama ya mishkaki, waparuza papai bichi na ganda lake, watia thomu, tangawizi na ndimu, waacha saa moja hivi nyama yalainika hata kama bucha kakuuzia ng'ombe aliyestaafu. Akaniuliza, na ukiiacha mpaka kesho? Hapo nilicheka kwa uchungu, maana yashanikuta, Ramadhani moja niliroweka kilo nne usiku kucha, asubuhi nikitunga kwenye vijiti nyama yateleza kama uji, na zile chache zilizokubali kutungwa zikadondoka kwenye makaa mbele ya wateja.

Akasema bas somo lenyewe ndilo hilo. Ule utomvu una papeini, na papeini ni enzaimu, yaani protini inayoharakisha kazi bila yenyewe kwisha. Ikishakata protini ya nyama hapa yaenda kukata pale, haichoki, ndiyo maana kipande kidogo cha papai chaweza kuzimaliza kilo nne ukikipa usiku mzima. Friji haiizuii, yaipunguza kasi tu. Moto ndio mwisho wake. Akachora kufuli na ufunguo ubaoni, kufuli ndiyo enzaimu, ufunguo ndio kile kinachokwenda kukatwa, mfano aliouleta Mjerumani Emil Fischer mwaka 1894, na ukiichemsha ile kufuli yapinda, ufunguo hauingii tena. Haijafa kwa sababu haikuwa hai! Msahihishaji ataka useme umbo limeharibika, ukiandika imekufa alama huna. Nikamtazama kijana, kijana akanitazama.

Kwa Kiswahili cha vitabuni enzaimu huitwa kimeng'enya, jina ambalo nalo lataka kutafunwa kwanza, lakini pale darasani wote wasema enzaimu na mie naendelea nayo hivyo hivyo.

Wiki ya pili ilikuwa maini. Kila mtoto aje na kipande kibichi na kipande kilichochemshwa, mwalimu akatoa haidrojeni peroksaidi ya kemisti, ile ya kuoshea vidonda. Kibichi kikitiwa tu povu lapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Kilichochemshwa, kimya. Lile povu ni oksijeni, ndani ya ini mna katalesi inayoivunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni, na ukisogeza njiti iliyobaki kaa tu bila mwali yawaka tena palepale. Kijana alirudi akayarudia yote mbele ya dadake mdogo, maini yangu ya chakula cha usiku yakaishia kwenye glasi. Lakini hapa nina neno, watoto thelathini na zaidi wamwaga peroksaidi na miwani ya kukinga macho hakuna hata moja. Nilimwambia mwalimu, akasema atanunua. Mpaka leo bado.

Mmeng'enyo wa chakula ndipo alipowaweza kabisa. Aliwagawia muhogo wa kuchemsha, mkavu, akawaambia tafuna usimeze, hesabu mpaka mia. Wengine wakacheka wakameza, waliovumilia walisema muhogo umeanza kuwa mtamu. Mate yana amilesi, yaukata wanga kuwa maltosi, na maltosi ni sukari. Afu wakafanya ile ya mirija, uji wa wanga na mate kwenye maji ya uvuguvugu, kila dakika watoa tone waligusisha ayodini. Mwanzo lageuka bluu-nyeusi, baadaye ayodini yabaki na rangi yake ya hudhurungi maana wanga umekwisha. Mrija wenye mate yaliyochemshwa ulibaki mweusi mpaka mwisho. Maji yenyewe yatakiwa yawe kama digrii 37, joto la mwili, mwalimu akasema nyinyi wa Mombasa mna bahati, fungueni tenki saa saba mchana.

Kutoka mdomoni akawashukisha mpaka tumboni, mahali pa asidi kali, kwenye kipimo cha asidi cha pH ni kama 2 hivi, pepsini ya kukata protini yaipenda hiyo asidi lakini amilesi ya mate ikifika pale kazi imekwisha. Ukitoka tumboni waingia utumbo mwembamba na mambo yageuka, huko asidi haitakiwi, kongosho laleta jeshi lake jipya la enzaimu, la wanga, la protini na la mafuta.

Na nyongo? Hapa ndipo kijana alipokuwa akikosa miaka yote, aandika nyongo ni enzaimu. Nilimfundisha mie hii, na karai langu la viazi. Nilimwita usiku nikimwaga mafuta ya mwisho, nikamwambia tia maji ya baridi, yakateleza juu ya mafuta. Nikamwambia sasa tia sabuni usugue, mafuta yakakatikakatika yakawa vitone vidogo, lakini bado ni mafuta, hayajageuka kitu kingine. Nikamwambia mwalimu wako kasema nyongo ndiyo hii sabuni, ini laitengeneza, kibofu cha nyongo chaiweka, na baada yake ndio lipesi, enzaimu ya mafuta, yaja kukata vitone vyenyewe. Hajakosa tena. Mwalimu nimpe sifa yake, mfano ni wake, karai ni langu.

Haya majaribio si mchezo wa kuwafurahisha watoto. Mtihani wa KCSE, ule wa kumalizia fomu foo, pepa ya tatu ya bayolojia ni praktiko, alama 40, saa moja na dakika 45, na kuna watoto ile dawa ya Benedict, ya kupimia sukari, wakutana nayo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, hata hawajui kwamba bila kupasha moto yabaki bluu tu ukae ukiitazama. Hapa wamepasha mpaka imekuwa nyekundu ya matofali. Kinachoniudhi ni mia mia za "dawa" kila praktiko, hazikutajwa siku ya kulipa, na wenye watoto wawili hiyo ni pesa.

Sasa jenetiki, somo la kurithi.

Mwalimu alipata safari, akamwachia darasa msaidizi wake, kijana wa chuo. Huyu kijana badala ya kufundisha kwanza akawaambia kila mtu alete grupu ya damu ya babake, ya mamake na yake. Yangu iko kwenye kadi ya kliniki, A. Ya mume wangu tuliijua alipotoa damu, B. Ya mtoto tuliijua alipovunjika mkono akafanyiwa opresheni, O. Kaandika kwenye daftari, kapeleka. Yule msaidizi kaangalia, kacheka, kamwambia mbele ya watu, "Wewe hapa nenda kaulize nyumbani vizuri." Darasa likalipuka.

Mtoto karudi hakula. Nikamkuta ameshika albamu ya harusi yetu, alinganisha masikio. Saa nne usiku mie nakosha vijiti yuwaja nyuma yangu na sauti ndogo, "Mama, baba ni baba?" Na baba yuko sebuleni, asikia! Miaka 19 ya ndoa, wallahi ile dakika taarifa ya habari ilisomwa peke yake, hakuna aliyeisikiliza.

Asubuhi nilizipanda zile ngazi na kanga ya jikoni. Mwalimu alikuwa amesharudi, nikamweleza, akashika kichwa. Akatoa karatasi akachora kisanduku cha vyumba vinne. Kila mtu ana jeni mbili za grupu ya damu, moja ya mama moja ya baba. A na B zote mbili zaonekana, O yajificha nyuma yao. Kwa hivyo mie naitwa A lakini naweza kuwa A na O, na mume wangu B na O, wala vipimo vya kawaida vya grupu havituonyeshi hiyo O. Jaza vyumba sasa, chumba cha kwanza AB, cha pili A, cha tatu B, cha nne O. Robo nzima! Mama A na baba B wenye O iliyojificha waweza kuzaa grupu yoyote kati ya zote nne. Msaidizi alikuwa ajua nusu ya somo, na nusu ya somo ndiyo ilikuwa ikinivunjia nyumba.

Ile karatasi niliibandika kwenye mlango wa friji. Mume wangu aliisoma amesimama, kimya, mpaka chai ikapoa, afu akasema, "Kumbe nimebeba O miaka yote hii na sikuhisi hata uzito." Ndio tukacheka.

Mwalimu aliomba radhi mbele ya darasa zima, nampa heko kwa hilo. Msaidizi mpaka leo salamu zake ni za kuangalia chini.

Mwalimu mwenyewe akishika jenetiki mambo ni mengine. Alileta mifuko miwili ya maharagwe, kila mmoja nusu mekundu nusu meupe, wachota moja huku moja huku bila kuangalia, waandika, warudisha. Jekundu likiwemo lashinda. Mara mia, meupe kwa meupe yakatoka 27. Kijana wangu akauliza mbona si 25, ile robo, akaambiwa hata Mendel, yule mtawa aliyeanzisha jenetiki, na mbaazi zake za bustanini, alizozichapisha mwaka 1866, alihesabu mbegu laini 5,474 na zenye mikunjo 1,850, haikuwa tatu kwa moja kamili. Hizo mbaazi zenyewe si hizi zetu za mahamri lakini, niliuliza.

Na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, aliisomesha kwa heshima, kwanza akakataza mtu yeyote kutaja jamaa yake, nahisi alikuwa ashajifunza. Wazazi wawili wabebaji, yaani wenye jeni moja tu ya ugonjwa, wenyewe wazima, kila mimba ina robo ya kupata mtoto mgonjwa, kila mimba, si ati mmoja akishaugua watatu wanaofuata wamesalimika. Na binamu kwa binamu, nasi huku twaozana sana, wana babu mmoja na bibi mmoja kwa hivyo ni rahisi wote wawili kuwa wamerithi jeni ileile iliyojificha. Kilichonishangaza ni kwamba pwani yetu imo kwenye historia yenyewe. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba wabebaji ni wengi huku pwani na kule ziwani kuliko nyanda za juu, na 1954 akaandika sababu, kwamba mbebaji ana kinga dhidi ya malaria. Penye mbu wengi ile jeni haikufutika.

Tatizo ni kwamba haya yote yalipewa vipindi vinne tu, mbio mbio, wakati maini na papai yalikula mwezi mzima. Wa Likoni nao feri ikichelewa wakosa nusu ya kipindi, hakuna wa kuwarudilia.

Enzaimu na chakula natoa nyota tano. Jenetiki tatu akiwepo mwalimu, akiwepo msaidizi mrudishe mtoto nyumbani. Mahali penyewe mbili, watoto wanne kwenye benchi la watatu na fotokopi zimefifia mpaka utumbo mpana na mwembamba walingana.

Mwezi ujao nimeshalipa. Ukimpeleka wako mpe chupa ya maji na umwambie awahi upande wa dirishani, feni ziko tatu lakini inayozunguka ni moja, na hiyo moja yampepea mwalimu.